Vitabu vya Timu na Wachezaji wa Zamani: Kabati la Msomaji wa Likasi

Vitabu vizuri juu ya timu ya mpira na wachezaji wake wa zamani ni vipi? Mshabiki anayependa kusoma huwauliza wenzake swali hili kila mara, na mtu wa Likasi hulijibu kwa shida kuliko mtu wa Manchester au Madrid. Timu kubwa za Ulaya zimeandikiwa vitabu vya kila namna, hata wachezaji wa akiba wana vitabu vyao. Katanga imetoa Tout Puissant Mazembe, mabingwa wa Afrika mara 5, lakini kitabu cha Kiswahili kinachosimulia maisha ya watu waliovaa jezi ile nyeusi na nyeupe ni adimu. Kwa timu ya nyumbani, yaani Panda ya Likasi, uhaba ni mkubwa zaidi.

Hata hivyo habari zipo. Nyingine zimo katika vitabu vya migodi, nyingine katika vitabu vya wamisionari, nyingine katika masimulizi ya timu ya taifa, na nyingine ziko bado vinywani mwa wazee wa Kikula, Panda na Shituru. Anayetaka kuzisoma hana budi kuzikusanya mwenyewe, kitabu kimoja baada ya kingine, na kujua kila kitabu kinampa nini na kinamnyima nini.

## Aina za vitabu vya timu

Vitabu vya mpira havifanani, na msomaji asiyejua tofauti zao hununua kimoja akitafuta kingine. Aina inayojulikana zaidi ni historia ya klabu: mwaka wa kuanzishwa, marais wake, viwanja, makombe, na majedwali ya matokeo. Kitabu cha namna hiyo mara nyingi hutolewa na klabu yenyewe au kwa baraka zake. Kinafaa kwa kuhakikisha tarehe na magoli. Ila ugomvi wa ndani, mishahara isiyolipwa na mchezaji aliyeachwa akiwa na goti bovu havionekani humo, kwa sababu mwenye nyumba hapendi kuonyesha wageni chumba chenye fujo.

Aina nyingine ni wasifu na tawasifu. Wasifu ni maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Tawasifu ni maisha ambayo mhusika ameyasimulia mwenyewe, hata kama mwandishi wa habari ndiye aliyeshika kalamu. Wasifu mzuri kuliko wote wa mchezaji pengine ni ule wa Garrincha ulioandikwa na Ruy Castro wa Brazili na kutolewa 1995. Msomaji wa Likasi atauelewa haraka kuliko wasomaji wengi wa Ulaya. Garrincha alizaliwa Pau Grande, mji mdogo ulioishi kwa kiwanda cha nguo. Alifanya kazi kiwandani na kuchezea timu ya kiwanda kabla ya kwenda Botafogo na kutwaa Kombe la Dunia mara 2, 1958 na 1962. Nyumba za kampuni, timu ya kampuni, uwanja ulio karibu na lango la kampuni: mtu aliyekulia kambi ya wafanyakazi wa mgodi hahitaji kuelezwa maana yake. Castro hakuishia kwenye makombe. Alimfuata Garrincha katika ulevi na umaskini mpaka kifo chake 1983. Familia ilikwenda mahakamani kukipinga kitabu, na kwa muda hakikuuzwa.

Kuna pia kitabu cha mtoto juu ya baba yake. Gary Imlach wa Uingereza alitoa 2005 kitabu juu ya Stewart Imlach, winga aliyetwaa Kombe la FA akiwa na Nottingham Forest 1959 na kuchezea Scotland katika Kombe la Dunia 1958. Baba alikuwa wa kizazi kilichocheza wakati mshahara wa mwanasoka ulikuwa na kikomo, paundi 20 kwa wiki ulipofikia juu kabisa, na kikomo hicho hakikuondolewa hadi 1961. Mtoto aligundua baada ya mazishi kwamba hakuwa amemuuliza baba maswali ya maana, akaanza kuwatafuta wachezaji wenzake na kupekua magazeti. Kitabu hicho kilizaa jambo la kweli: chama cha soka cha Scotland kilikubali 2006 kuwapa wachezaji wa zamani kofia za heshima ambazo walikuwa wamenyimwa, na familia ya Imlach ikapata yake.

Mshabiki naye ana kitabu chake. Nick Hornby alipoandika Fever Pitch, 1992, kila kipande alikipa tarehe ya mechi ya Arsenal na chini yake akaeleza maisha yake mwenyewe: shule, talaka ya wazazi, upweke. Kitabu hicho hakimfundishi mtu mengi juu ya wachezaji, lakini kinaeleza vizuri kwa nini mtu mzima hukosa usingizi kwa sababu ya penalti.

Mwisho kuna riwaya, na hapa tahadhari inahitajika. The Damned Utd ya David Peace, 2006, inasimulia siku 44 za kocha Brian Clough pale Leeds United, ikitumia majina halisi ya watu. Ni kazi kali, yenye nguvu. Lakini Johnny Giles, mchezaji wa Leeds wa enzi hizo, alilalamika kisheria kwamba amesingiziwa, na mchapishaji akakubali kuondoa sehemu zinazomhusu katika matoleo yaliyofuata. Riwaya inaweza kusema ukweli wa moyo wa mtu na wakati huohuo ikakosea juu ya jambo alilolifanya.

Kwa kifupi:

- Historia ya klabu ni ya kutafutia tarehe na matokeo.
- Wasifu ni wa kumjua mtu, hasa ukiendelea baada ya yeye kuacha mpira.
- Kitabu cha mshabiki ni cha kuelewa mapenzi ya timu.
- Riwaya husomwa kwa raha yake, isitumiwe kama ushahidi.

Kipimo kinachotenganisha kitabu cha kawaida na kitabu cha kudumu ni hiki: je, mwandishi anamfuata mchezaji hadi nje ya uwanja? Mechi hudumu dakika 90, na magazeti hutosha kuisimulia. Alikotoka mchezaji, aliyemlipa, alikokwenda jezi ilipochakaa, hayo ndiyo yanayohitaji kitabu.

## Timu ya mapadri, timu ya reli, timu ya migodi

Kabla ya kutaja vitabu vya Katanga, inafaa kujua timu zake zilizaliwa vipi, kwa sababu asili ya timu ndiyo inayoonyesha mahali pa kutafuta habari zake.

Mazembe ilianzishwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1939. Waanzilishi walikuwa mapadri Wabenediktini, shirika la watawa lililokuwa na shule ya Saint-Boniface. Walitaka kuwapa vijana mchezo baada ya masomo, hasa wale ambao hawakuwa na wito wa upadri. Timu iliitwa Saint-Georges, kisha Saint-Paul, kisha Englebert kwa jina la kampuni ya matairi iliyoifadhili. Maneno Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote, yaliongezwa baada ya ubingwa wa 1966 walioupata bila kufungwa. Mpinzani wake wa jadi, Saint-Éloi Lupopo, naye ni wa mwaka uleule wa 1939, na washabiki wake wanaitwa Cheminots, yaani watu wa reli.

Likasi ilikuwa na mfumo wake. Mji huu, ulioitwa Jadotville, ulikua kwa viwanda vya shaba vya Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906 na kutaifishwa 1967, ambayo leo ni Gécamines. Kampuni iliwapa wafanyakazi nyumba, posho ya unga, hospitali, shule na michezo. Mtaa wa Panda ulio karibu na viwanda ukatoa jina la timu ambayo watu wa mji wameibeba vizazi kadhaa, na ambayo leo inacheza kama US Panda B52, nyumbani kwake katika uwanja wa Kikula.

Kwa hiyo anayetafuta habari za mchezaji wa zamani wa Katanga ana milango mitatu ya kubisha: wa misheni, wa reli na wa kampuni. Asipoijua hiyo, atakaa kwenye duka la vitabu vya michezo akingojea kitabu ambacho hakijaletwa.

## Vitabu vya kuweka kabatini

Kitabu cha kuanzia kinamhusu mtu ambaye hakuwa wa Katanga. Ndaye Mulamba alizaliwa Luluabourg, Kananga ya leo, akachezea Vita Club ya Kinshasa. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika 1974 huko Misri alifunga magoli 9, rekodi ambayo hakuna aliyeivunja katika mashindano ya mwaka mmoja. Fainali dhidi ya Zambia ilirudiwa baada ya sare ya 2–2, Zaire ikashinda 2–0, na magoli yote 4 ya Zaire katika mechi hizo mbili yalikuwa yake. Wasifu wake, La mort m'attendra, ulioandikwa na Claire Raynaud, unasomwa kwa sababu ya yaliyofuata. Mwaka 1994 Ndaye alialikwa Tunisia kupewa heshima ya mashindano. Aliporudi nyumbani, majambazi walidhani ana pesa, wakamvamia na kumpiga risasi ya mguu. Akakimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, huko Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya kumwombolezea kwa sababu habari zilisema amekufa ajalini mgodini Angola, hali alikuwa hai. Alifariki kweli 2019 huko Johannesburg. Huu ndio mfano wa karibu zaidi, kwa mwandishi wa Katanga, wa namna maisha ya mchezaji wa zamani yanavyostahili kuandikwa.

Cha pili ni Feet of the Chameleon cha Ian Hawkey, 2009, historia ya mpira wa Afrika iliyoandikwa kwa lugha ya mwandishi wa habari, na ndani yake mna habari za Zaire ya 1974. Timu ile ilikuwa na watu wa Mazembe: beki Bwanga Tshimen, aliyechaguliwa mchezaji bora wa Afrika 1973, kipa Kazadi Mwamba, na Mwepu Ilunga. African Soccerscapes cha Peter Alegi, 2010, ni kifupi na kinaeleza jinsi shule za misheni, majeshi, reli na kampuni zilivyoeneza mpira barani. Anayekisoma ataona kwamba yaliyotokea Élisabethville na Jadotville yalitokea pia Ghana, Zimbabwe na Afrika Kusini, kila mahali kwa rangi yake.

Congo cha David Van Reybrouck, kilichotoka kwa Kiholanzi 2010 na kutafsiriwa kwa lugha nyingi, ni kitabu kikubwa cha historia ya nchi nzima. Sehemu za mpira ni chache na zinaegemea Kinshasa, kwa padri aliyejulikana kama Tata Raphaël. Kinastahili nafasi kabatini kwa jambo moja: mwandishi alikaa na wazee na kuwaacha waseme, na sauti zao ndizo zinazokibeba kitabu.

Kwa upande wa kampuni, kitabu muhimu ni Bana Shaba abandonnés par leur père cha Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichotoka 2001. Jina lake linazungumza juu ya wana wa shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni. Hicho ni kitabu cha familia za wafanyakazi, si cha magoli. Lakini bila hicho mtu hawezi kuelewa mchezaji wa timu ya kampuni alikuwa nani: mtu aliyepata nyumba, posho na matibabu kwa mkono uleule uliompa viatu vya mpira, na ambaye kampuni ilipodhoofika alipoteza vyote pamoja. Kuanzia 2003 Gécamines iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kila msomaji wa Likasi anazo familia anazozijua katika hesabu hiyo.

Na kwa upande wa misheni kuna Les corps glorieux des mots et des êtres cha V. Y. Mudimbe, 1994. Mudimbe, mwanafalsafa na mwandishi aliyefariki 2025, alizaliwa Likasi mwaka 1941. Tawasifu hii inaeleza malezi yake mikononi mwa Wabenediktini, walewale walioanzisha timu iliyokuja kuwa Mazembe. Ni kitabu kigumu, na anayetafuta dribo hatazipata. Atapata kengele, ratiba, bustani, Kilatini na nidhamu. Yaani ulimwengu ambamo padri aliona ni sawa kabisa kumfundisha kijana sala asubuhi na kumpa mpira jioni.

Kitabu kimoja kinachotaja jina la zamani la mji kwenye jalada lake kimeenea duniani: Siege at Jadotville cha Declan Power, 2005, ambacho filamu ilifuata 2016. Kinasimulia askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa hapa Septemba 1961, wakati Katanga ilipokuwa imejitenga. Ni habari ya kweli na imeandikwa vizuri. Inasikitisha tu kwamba siku chache za vita vya wageni zimepata kitabu na filamu, ilhali miaka mingi ya Jumapili za Kikula haijapata hata kijitabu.

## Kitabu kilichoandikwa na maboi

Wapo wanaodhani historia ya mji wa Katanga haiwezi kuandikwa kwa Kiswahili cha hapa, kwamba lazima ipitie Kifaransa. Kipo kitabu kinachowajibu. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu huko Élisabethville, alipiga chapa historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga. Wanaosimulia ni maboi na wapishi: nani alikuja, nani alilipwa nini, nani alipigwa, mzungu gani alikuwa na tabia gani. Maandishi hayo yalikaa miaka mingi bila kujulikana nje. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, akisaidiana na Kalundi Mango, aliyachapisha 1990 pamoja na tafsiri, katika kitabu kiitwacho History from Below.

Kwa mshabiki wa mpira, kazi ya Yav ina thamani ya pekee. Hakuwa profesa. Alikusanya kumbukumbu za watu wa kazi moja, akaziandika kwa lugha yao jinsi wanavyoitamka, bila kungoja ruhusa ya mtu. Wachezaji wa zamani wa Panda ni watu wa namna hiyohiyo: kundi moja, mji mmoja, miaka ileile. Anayetaka kuwaandika ana kielelezo nyumbani kwake.

## Majina yanayobadilika

Msomaji mpya wa vitabu hivi hupotea mahali pamoja: kwenye faharasa, yaani ile orodha ya majina mwishoni mwa kitabu. Anatafuta Mazembe, hapati kitu, anafunga kitabu, na kumbe habari zipo kwa jina jingine. Historia ya nchi imebadilisha majina ya karibu kila kitu, na kila kitabu hutumia jina la wakati wake. Ya kukumbuka ni haya:

- Jadotville na Élisabethville zilibadilishwa 1966 kuwa Likasi na Lubumbashi.
- Katanga iliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na jimbo la Haut-Katanga limekuwapo tangu 2015.
- Nchi iliitwa Zaire katika miaka hiyohiyo, 1971 hadi 1997.
- Mazembe iko katika vitabu vya zamani kwa jina la Englebert, na kabla ya hapo kwa majina ya watakatifu.

Majina ya watu ni magumu zaidi. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo. Mshambuliaji aliyefunga goli la pekee la fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika 1968 dhidi ya Ghana, mwaka uleule ambao Englebert ilitwaa tena kombe la klabu, ni Pierre Kalala katika maandishi fulani na Kalala Mukendi katika mengine. Mtu akisoma haraka atadhani ni ndugu wawili. Njia nzuri ni kuandika kikaratasi chenye majina yote ya mchezaji na kukiweka ndani ya kitabu.

## Habari moja, midomo mitatu

Ugumu mwingine ni kwamba vitabu havikubaliani. Fainali ya klabu bingwa ya 1967 inatosha kuonyesha. Jedwali la historia linasema Englebert ilitoka sare na Asante Kotoko 1–1 huko Ghana, kisha 2–2 Kongo, mechi ya uamuzi ikapangwa, Kotoko hawakutokea, kombe likaenda kwa Englebert. Mstari mmoja, basi. Msimulizi wa Kongo huanza na sare mbili zilizochezwa kwa jasho na humaliza na kombe. Msimulizi wa Ghana huanza na mechi ya tatu na kuuliza kwa nini timu yake haikwenda, na nani alipaswa kuiarifu. Hakuna anayedanganya. Kila mmoja anaanzia pale panapomuuma. Kitabu kizuri huwakalisha wote wawili ukurasa mmoja. Kitabu cha haraka huchagua mmoja.

Mfano wa Mwepu Ilunga ni mzito zaidi, kwa sababu dunia ilimcheka. Tarehe 22 Juni 1974 huko Gelsenkirchen, Brazili walipewa faulo karibu na goli la Zaire. Kabla hawajapiga, Mwepu alitoka kwenye ukuta akaupiga mpira mbali. Miaka mingi watangazaji walisema Mwafrika yule hakujua sheria. Beki wa timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa Afrika asijue sheria ya faulo! Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliijua vizuri, na kwamba alitaka mwamuzi amtoe uwanjani ili kupinga kunyimwa malipo. Katika mazungumzo mengine mkazo uliangukia vitisho vya watu wa Mobutu baada ya kipigo cha 9–0 kutoka kwa Yugoslavia, kwamba ole wao wakifungwa na Brazili zaidi ya magoli 3. Matokeo yalikuwa 3–0. Mwepu alifariki Mei 2015.

Msomaji asiharakishe kuchagua maelezo ya aina moja na kutupa mengine. Pesa na hofu vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, tena dakika za mwisho za mechi unayopoteza mbele ya dunia nzima. Anachopaswa kuuliza ni: mchezaji alisema haya mwaka gani, na Mobutu alikuwa bado madarakani au ameondoka? Mtu husema kwa uhuru zaidi kilichomtisha kikiwa kimekwisha.

## Kizazi cha karibuni

Vitabu vya kizazi cha 2009 hadi 2015 vina deni kubwa, maana mambo yenyewe ni makubwa. Desemba 2010 huko Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Pachuca ya Meksiko 1–0, kisha Internacional ya Brazili 2–0, ikawa timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter ya Milan ikashinda 3–0. Picha ya kipa Robert Kidiaba akirukaruka kwa makalio kushangilia goli ilizunguka dunia. Kidiaba baadaye aliingia bunge la jimbo la Haut-Katanga, na hapo pana sura nzima ya kitabu: safari ya mtu kutoka golini hadi kitini pa kutunga sheria.

Kwa wasomaji wa Tanzania mlango ni Mbwana Samatta, aliyetoka Simba kwenda Lubumbashi 2011, akatwaa klabu bingwa 2015 pamoja na Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu, kisha akaenda Genk ya Ubelgiji na baadaye Aston Villa. Wasifu wake ukiandikwa kwa uangalifu, utakuwa pia kitabu cha Viswahili viwili vilivyokutana kwenye chumba kimoja cha kubadilishia nguo, cha Dar es Salaam na cha Katanga.

## Pale ambapo kitabu hakipo

Kwa wachezaji wa Panda na timu nyingine za Likasi, msomaji hana budi kuwa mkusanyaji. Vyanzo vya maandishi vipo. Union Minière ilianza 1957 kutoa jarida la wafanyakazi lililoitwa Mwana Shaba, na Gécamines iliendelea nalo. Nakala zilizobaki majumbani, chini ya vitanda na ndani ya masanduku, ni mali. Entente, yaani chama kinachosimamia ligi ya mji, huwa na karatasi za mechi zenye majina na namba za wachezaji. Parokia zina daftari za ubatizo zinazoweza kuthibitisha mwaka wa kuzaliwa wa mtu ambaye umri wake ulipunguzwa ili aendelee kucheza.

Picha ya timu ndiyo chanzo chenye habari nyingi kuliko ukubwa wake. Mstari wa nyuma umesimama, mara nyingi kipa na mabeki. Mstari wa mbele umechuchumaa, na mpira uko miguuni mwa mmoja wao. Ukiitazama polepole utaona asiye na soksi, jezi mbili zisizofanana, kiatu kilichofungwa kwa kamba ya rangi nyingine, mzungu au kiongozi wa kampuni aliyesimama pembeni na kofia, na ukuta wa nyuma unaotambulisha uwanja. Nyuma ya picha pengine kuna tarehe kwa kalamu ya risasi. Kila kimoja kati ya hivyo ni swali la kumuuliza mwenye picha.

Masimulizi ya mdomo, yaani habari zinazochukuliwa kwa kumsikiliza mtu na kumrekodi, yana adabu zake. Papa aliyecheza miaka ya 1960 au 1970 hapelekewi karatasi ya maswali kama mtu wa polisi. Huendewa nyumbani, huulizwa hali ya familia, na mazungumzo huanza na picha au na jina la mwenzake. Maswali yanayozaa ni ya vitu na watu:

- Viatu vya kwanza vilitoka wapi, na nani alivilipia?
- Siku ya mechi mlikula nini, mlisafiri kwa nini, mlilala wapi?
- Kazini bosi wako alikuwa nani, na alikuruhusu vipi kwenda mazoezini?
- Ulipoumia, nani alikutibu?
- Nani kati ya mnaoonekana kwenye picha hii bado yupo?
- Siku uliyoacha mpira ilikuwaje, na kesho yake ulifanya nini?

Swali la goli bora huachwa mwisho, kwa sababu hilo amelisimulia mara nyingi na limeshakuwa laini kama jiwe la mtoni. Mama wa nyumba naye aulizwe, tena peke yake ikiwezekana: yeye ndiye aliyefua jezi, aliyejua pesa ya zawadi ilikwenda wapi, na aliyekaa na mgonjwa.

Baada ya mazungumzo, tarehe alizotaja mzee zilinganishwe na gazeti, jarida au karatasi ya mechi. Zisipolingana, zote mbili ziandikwe, ile ya karatasi na ile ya mdomo, kila moja na jina la aliyeitoa. Rekodi itunzwe nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, na nakala ya maandishi irudishwe kwa mzee mwenyewe ili aisome au asomewe, asahihishe, na aseme ni sehemu gani anakubali itolewe na ipi ibaki nyumbani kwake.